Kuupa mzabibu mwanga wakati wa maua: mwongozo kwa mashamba ya Dodoma

Mzabibu uliofunga majani hupendeza ukiutazama ukiwa barabarani, lakini ndani yake ni giza. Mwanga unaopenya jani moja haufiki hata sehemu moja ya kumi ya ule uliolipiga, na jani la tatu kwenda ndani halipati kitu. Hasara yake haiishii kwenye vichala unavyoviona. Macho (vifundo ambamo matawi huchipukia) yatakayobeba zabibu msimu ujao yanajiumba sasa, kwenye matawi haya haya, kuanzia karibu na wakati wa maua. Jicho lililojiumba kivulini hutoa tawi la majani matupu. Na kwa kuwa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, kosa la leo utalilipa baada ya miezi michache tu.

Maelezo haya yanahusu mizabibu ya kwenye waya: shina moja, mikono miwili iliyolazwa kwenye waya wa chini, na nyaya mbili au tatu juu yake.

Hatua ya 1: Punguza machipukizi yakiwa mafupi

Baada ya kupogoa na kuacha vikonyo (vipande vifupi vya tawi) vya macho mawili mawili, subiri machipukizi yafike sentimita 10 hadi 20. Hapo vichala vichanga vinaonekana, na chipukizi linang'oka kwa kidole bila mkasi. Acha 10 hadi 15 kwa kila mita ya mkono. Anza kuondoa yaliyoota pachapacha kwenye jicho moja, yasiyo na kichala, yanayoelekea chini, na yote yaliyoota kwenye shina. Lakini pale mkono ulipoacha pengo, bakiza moja hata kama halina kichala. Ndilo utakalolipogoa msimu ujao lizibe nafasi hiyo.

Ukichelewa hadi yafike nusu mita, utalazimika kutumia mkasi, kidonda kitakuwa kikubwa, na mzabibu utakuwa umeshapoteza nguvu kwenye matawi unayoyatupa.

Hatua ya 2: Simamisha matawi kabla maua hayajafunguka

Pitisha kila tawi katikati ya nyaya, liende juu, liachane na jirani yake kwa upana wa kiganja. Fanya kazi hii mchana, matawi yakiwa yamelegea kidogo kwa jua. Asubuhi yamejaa maji, na ukiyapinda yanakatika palepale yalipoungana na mkono. Funga kwa kamba laini ya katani, fundo la namba nane: duara moja kwenye waya, jingine kwenye tawi, liwe na nafasi ya kunenepa. Usiahirishe kufunga msimu wa kiangazi. Upepo wa Dodoma wa miezi hiyo huvunja matawi mengi yaliyoachwa yakining'inia.

Hatua ya 3: Maua yakifunguka, gusa kidogo sana

Ua la mzabibu hudondosha kofia ndogo ya kijani na kujichavusha lenyewe. Kinachoruhusiwa wakati huu ni kufinya ncha za matawi yenye kasi, sentimita 5 hadi 10 tu, maua ya kwanza yanapoanza kufunguka. Ncha ikisimama kukua, chakula huelekea kwenye maua na punje nyingi zaidi hushika. Usivue majani mengi sasa: maua hutegemea majani hayo hayo ya chini, na ukiyaondoa yatapukutika. Urea na maji mengi kupita kiasi navyo husukuma majani na kuyanyima maua.

Hatua ya 4: Vua majani punje zikiwa kama choroko

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Ondoa majani 2 hadi 4 yaliyo usawa wa kichala, kwa upande mmoja tu wa mstari, pamoja na vichipukizi vya kwapani (pale jani linapoungana na tawi) vilivyo hapo. Upande upi? Mistari ikienda kaskazini-kusini, fungua mashariki, kichala kipate jua la asubuhi. Magharibi pabaki na majani, maana jua la saa nane mchana huunguza.

Mistari ikienda mashariki-magharibi, inategemea msimu. Kuanzia Aprili hadi Agosti jua la adhuhuri la Dodoma liko upande wa kaskazini, basi fungua kusini. Kuanzia Novemba hadi Januari jua linahamia kusini, basi fungua kaskazini.

Usisubiri punje ziwe kubwa. Punje iliyozoea jua tangu changa hukomaza ganda lake. Iliyofichwa wiki nyingi kisha ikafunuliwa ghafla hubabuka, hugeuka kahawia na kusinyaa.

Hatua ya 5: Pima kwa spoku ya baiskeli

Ichomeke kwa ulalo usawa wa vichala mara 10, sehemu tofauti, ukihesabu majani inayoyagusa. Jumla ya 10 hadi 15 ni nzuri. Ikipita 20, rudi hatua ya 4. Ikiwa chini ya 10, acha, na usikate tena hata kama jirani anaendelea.

Hatua ya 6: Kata vilele

Matawi yakipita waya wa juu na kuanza kuangukia ubavuni, yakate, lakini kila tawi libaki na majani yasiyopungua 14. Chini ya hapo zabibu hukosa sukari.

Baada ya mvua, kagua sehemu zilizobaki na kivuli. Vumbi jeupe lenye harufu ya uvundo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Unga wa salfa husaidia, ila usiupige joto likizidi nyuzi 32, utaunguza majani yaliyobaki. Majani yenye ugonjwa yatoe shambani. Mazima wape mbuzi, mradi hayajapigwa dawa karibuni. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mzabibu mwingine.