Jinsi ya kusoma nishani ya baharia wa meli ya abiria

Jirani yangu hapa Southampton alinikabidhi kopo la biskuti lenye nishani za babu yake, aliyechochea makaa kwenye meli ya abiria iliyochukuliwa na serikali mwaka 1915. Nakuomba, usiisugue! Brasso, dawa ya kung'arisha shaba, hula maandishi.

Anza na utepe. Kijani, nyeupe na nyekundu ni taa za meli: ubavu wa kulia, mlingoti, ubavu wa kushoto. Hiyo ndiyo Mercantile Marine War Medal, nishani ya vita ya mabaharia wa meli za biashara, ya shaba nyeusi, aliyopewa baharia aliyepita maji ya hatari.

Kisha geuza ukingo chini ya taa, usome jina. Ukikuta jina peke yake, tafuta kadi yake katika mafaili yenye namba BT 351, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza, Kew, London. Kadi hutaja alikozaliwa. Kupata meli, fungua orodha za mabaharia za 1915, zipo bure mtandaoni.

Ukiona M.M.R. (Mercantile Marine Reserve, akiba ya mabaharia wa biashara) kwenye ukingo wa nishani yake nyingine, sikiliza vizuri: huyo aliwekwa chini ya jeshi la majini, meli yake pengine ilifungwa mizinga. Nenda kwenye mafaili ya jeshi la majini, ADM 171, hapo hapo Kew. Mimi nilipoteza wiki nzima upande usio wake.

Nishani za Waingereza za kushiriki Vita vya Pili vya Dunia hazikuandikwa majina, kwa hiyo bahasha iliyozileta itunze kama dhahabu.