Somo: Kuiweka okestra ya kompyuta ndani ya ukumbi mmoja

Okestra nyingi ninazoletewa nizisikilize zina ugonjwa uleule: vayolini zimo ukumbini, tarumbeta ziko bafuni, na timpani inapigwa puani mwa msikilizaji. Mwenye kazi huongeza riverbu (mwangwi wa kutengeneza) na mambo yanazidi kuharibika. Sikio hutambua chumba kwa umbali wa kila chombo, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

1. Zijue sampuli zako, yaani noti za vyombo halisi zilizorekodiwa ambazo kompyuta inazipiga. Za mwanzo za kampuni ya Vienna Symphonic Library zilirekodiwa kavu, bila mwangwi wa ukumbi. Nyingi za kampuni ya Spitfire zilirekodiwa Lyndhurst Hall, London, na ukumbi umo ndani tayari. Piga noti moja ya stakato (fupi, ya kukatika), uiachie, usikilize inavyofifia. Ikiwa na mkia wake (mwangwi unaobaki ukififia), usiibebeshe mwingine mrefu.

2. Chagua ukumbi. Musikverein ya Vienna (1870) na Symphony Hall ya Boston (1900) zina mwangwi wa kama sekunde 2 hadhira ikiwa imejaa. Anzia hapo. Makanisa makuu ya mawe ni matamu kwa nyimbo za polepole, lakini ukipiga alegro (mwendo wa haraka) noti zinakanyagana.

3. Wapange wapigaji. Vayolini za kwanza kushoto, chelo na besi kulia, filimbi na oboi katikati, shaba (tarumbeta na wenzake) nyuma yao, timpani nyuma kabisa. Kabla ya kupani (kusogeza sauti kushoto au kulia), punguza upana wa stereo wa kila chombo. Oboi moja haienei jukwaa zima!

4. Umbali. Sauti hewani hukimbia kama mita 343 kwa sekunde, yaani mita 1 kwa takriban milisekunde 3. Tuseme umekaa mita 8 kutoka kwenye vayolini, na sauti yake inayogonga ukuta wa pembeni inasafiri mita 17 hadi kukufikia. Tofauti ni mita 9, sawa na milisekunde 26. Timpani iko mita 16, na mwakisiko wake unasafiri mita 20: tofauti ni mita 4, milisekunde 12 hivi. Kwa hiyo chombo cha mbele hupewa prediley (muda wa kusubiri kabla riverbu haijaanza) ndefu, cha nyuma fupi. Wengi hufanya kinyume, wakidhani aliye mbali ndiye anayestahili kucheleweshwa.

Kisha shusha sauti ya moja kwa moja ya walio nyuma, uwaongezee miakisiko ya mwanzo (sauti za kwanza kurudi kutoka ukutani). Hewa nayo hula sauti kali, basi kwenye ekwalaiza wapunguzie desibeli 2 au 3 juu ya kHz 8. Shaba ziguse kidogo tu, zisije zikapoteza makali.

5. Tengeneza chaneli mbili: ya miakisiko ya mwanzo na ya mkia. Mkia uwe mmoja kwa okestra nzima, ukatwe chini ya Hz 200 ili besi isivume. ReaVerb, riverbu iliyomo kwenye programu ya kurekodi ya REAPER, hufungua faili za impulsi (rekodi za jinsi ukumbi unavyoitikia mlio mfupi) za kumbi halisi, na maktaba ya mtandaoni ya OpenAIR ya Chuo Kikuu cha York inazo za kupakua bure. Soma leseni ya kila faili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, kompyuta yangu ina RAM ya GB 8. Nikiweka konvolusheni (riverbu ya faili za impulsi) kwenye kila treki, inaganda.
Jibu: Usiweke kila treki, ndugu yangu. Weka moja kwa kila safu: nyuzi, mbao (filimbi, oboi), shaba, ngoma. Mkia tumia riverbu ya kawaida. Ukimaliza safu, igeuze iwe audio na uzime sampuli zake.

Swali: Shikamoo mwalimu. Vayolini ya solo inazama kwenye mkia.
Jibu: Marahaba. Mpe prediley ya milisekunde 40 hivi na upunguze kiasi unachotuma kwenye mkia. Usimkaushe kabisa, ataonekana kasimama nje ya mlango. Mara nyingi dawa ni kushusha vayolini nyingine tu.

Swali: Kwaya yetu tuliirekodi kwenye chumba kidogo, tunataka ikae na okestra hii. Inawezekana?
Jibu: Inawezekana, ila chumba kile kimesharekodiwa pamoja na sauti na hakuna programu itakayokiondoa chote. Mkirudia, tundikeni mablanketi mazito ukutani na sogezeni maiki karibu. Kisha ipelekeni kwaya kwenye mkia uleule wa okestra, prediley fupi, iwekwe nyuma ya shaba.