Usimuulize ilikuwaje, muulize anahitaji nini

Hii nimeipata kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, na inamfaa yeyote anayefika kwenye ajali, moto au jengo lililoporomoka kama lile la Kariakoo, Novemba 2024. Ukimkuta mtu aliyenusurika, mtajie jina lako, chuchumaa usawa wake, kisha muulize: "Unahitaji nini sasa hivi?" Mara nyingi atataja kitu kidogo tu: maji, kanga ya kujisitiri, simu yenye chaji ampigie mama yake. Mtimizie hicho. Mtu aliyepatwa na mshtuko anajiona hana uwezo juu ya lolote. Akiomba jambo moja likatimia, anapata pa kushika. Kumlazimisha asimulie kunamrudisha kule kule alikotoka, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 unasema wazi asishinikizwe. Akianza kusimulia mwenyewe, msikilize bila kumkatiza, na tafadhali usimwambie "shukuru Mungu uko hai" wakati mwenzake bado hajapatikana.

Haifanyi kazi akiwa amepigwa na bumbuwazi, hajibu kitu. Hapo mwambie akanyage chini kwa nyayo zote mbili, apumue taratibu, ataje vitu anavyoviona mbele yake. Anavuja damu? Jeraha kwanza. Akisema anataka kujiua, usimwache peke yake hata kidogo, mfikishe kituo cha afya. Na usimwahidi usilolijua, hasa habari za ndugu zake.