Somo: Kuboresha sauti ya chumba cha sinema nyumbani bila kukimbilia risiva mpya

Wakuu, habari zenu. Wengi wanaotaka kuboresha mfumo wao huanza na swali moja: ninunue risiva gani? Haraka hiyo naielewa, maana risiva, kifaa kinachopokea sauti na kuziendesha spika, ndiyo yenye namba nyingi kwenye boksi. Lakini kama tayari una 5.1 (spika tano na sabufa moja, yaani spika ya besi) inayofanya kazi, na chumba umekitenga kwa filamu tu, risiva iwe karibu ya mwisho kubadilishwa. Fuata mpangilio huu, na tofauti utaanza kuisikia kabla hujatoa hata senti.

Hatua ya 1: Kiti na spika

Kaa unapokaa siku zote, kisha geuka uangalie nyuma. Kama kiti kimegusa ukuta, besi inavimba hapo. Kama kiko katikati kabisa ya chumba, kuna besi zinazopotea. Sababu ni vipimo vya chumba: sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, hivyo chumba chenye urefu wa mita 5 hujenga wimbi linalosimama kwenye 34 Hz hivi (mitetemo 34 kwa sekunde), na wimbi hilo hufifia kabisa katikati. Sogeza kiti kiwe kama theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma, halafu rekebisha kwa masikio yako.

Spika za mbele, kushoto na kulia, ziwe pembe ya nyuzi 22 hadi 30 kutoka mstari wa katikati. Huna cha kupimia pembe? Chukua kamba. Umbali kati ya spika hizo mbili ukilingana na umbali kutoka kila spika hadi kichwani pako, umepata nyuzi 30. Spika za pembeni kwenye 5.1 zikae nyuma yako kidogo, nyuzi 110 hivi, usawa wa masikio au juu kidogo.

Spika ya katikati ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo, na ndiyo inayoonewa kuliko zote. Itoe kabatini. Ilete hadi ukingoni mwa rafu, uielekeze masikioni na si magotini.

Hatua ya 2: Tuliza chumba

Piga kofi moja kali. Ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, kuta tupu zinarudishiana sauti. Zulia zito mbele ya kiti linasaidia sana. Kisha mwombe mtu ateleze kioo ukutani wakati wewe umekaa. Pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo paneli ya kunyonya sauti inapotakiwa kukaa. Tumia pamba ya mawe yenye unene wa sentimita 10, iliyofunikwa kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Sponji jembamba linanyonya sauti kali tu na kuacha besi ikizunguka, chumba kinabaki kizito na cha kuchosha. Pembe za kuta ndizo zinazohitaji paneli nene zaidi, kwa sababu besi hujikusanya hapo. Usifunike kuta zote.

Hatua ya 3: Sabufa

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Sabufa nzuri ikiwekwa pabaya inashindwa na ya kawaida iliyowekwa pazuri.

Iweke sabufa juu ya kiti chako, masikio yanapokuwa. Cheza wimbo wenye besi inayopanda na kushuka. Kisha tambaa kandokando ya kuta, kichwa kikiwa chini, ukisikiliza. Kuna sehemu besi itanguruma noti moja tu, kuna sehemu itakufa, na kuna sehemu kila noti itasikika kwa nguvu inayokaribiana. Hapo ndipo sabufa inapohamia.

Kwenye menyu ya risiva, weka spika zote kuwa "ndogo" na krosova (mpaka ambao besi iliyo chini yake huenda kwa sabufa) iwe 80 Hz, hata kama za mbele ni ndefu. Chini ya hapo sikio halijui vizuri sauti inatoka upande gani, na risiva inapumzika kwa kuachia besi sabufa yenye amplifaya yake. Kirungu cha krosova cha sabufa yenyewe kizungushe hadi mwisho wa juu. Viwili vikichuja kwa pamoja vinakula besi.

Ukiwa na viti zaidi ya kimoja, sabufa ya pili ina faida kuliko moja kubwa. Moja katikati ya ukuta wa mbele, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma: kila mkaaji anapata besi inayofanana na ya mwenzake.

Hatua ya 4: Spika mpya

Ukibadilisha, badilisha tatu za mbele pamoja, za familia moja. Gari likipita kutoka kushoto kwenda kulia lisibadilike mlio njiani. Angalia pia usikivu wa spika, yaani sauti inayotoa kwa wati zile zile, kabla ya wati. Spika ya 90 dB ikipewa wati 50 inatoa sauti sawa na ya 87 dB iliyopewa wati 100.

Hatua ya 5: Risiva na spika za dari

Sasa ndiyo. Katika 5.1.2, namba ya kwanza ni spika za usawa wa masikio, ya pili sabufa, ya tatu spika za juu, zinazotumiwa na sauti ya aina ya Atmos. Risiva iwe na njia za amplifaya za kutosha spika zako, na matundu ya kuchukua mawimbi kwenda amplifaya ya nje endapo utaongeza baadaye.

Hatua ya 6: Vipimo

Maikrofoni ya risiva, ile ya kupimia chumba, iwe juu ya stendi, usawa wa masikio, si mkononi wala juu ya mto. Zima feni, wote watoke. Ukimaliza, rudi kwenye menyu uhakikishe krosova bado ni 80 Hz, maana upimaji hupenda kuzigeuza spika kuwa "kubwa".

Maswali ya wanachama

*Mkuu, asante kwa somo. Kwangu milipuko inatikisa nyumba ila watu wakiongea sisikii. Nifanyeje?*

Anza na hatua ya 1 kwa spika ya katikati. Kisha ipandishe 2 au 3 dB peke yake kwenye menyu. Kwa usiku, washa setingi ya risiva inayopunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa.

*Je, trei za mayai ukutani zinazuia sauti isiende kwa jirani?*

Hapana, ndugu yangu, na zinashika moto haraka, tafadhali usizitumie. Hata paneli nilizozitaja ni za kutuliza mwangwi ndani. Kuzuia sauti isitoke kunataka uzito na kuziba hewa: ukuta mnene, mlango mzito, mpira kuzunguka fremu. Besi itabaki kuwa ngumu kuzuia.

*Nina spika za 5.1 na risiva ya njia 7. Niende 7.1 au 5.1.2?*

7.1 huongeza spika mbili nyuma yako. Kama nyuma ya kiti hakuna walau mita moja, nenda 5.1.2 bila kufikiria mara mbili. Spika za nyuma zilizobanwa kichwani zinakera.

*Samahani mwalimu, filamu ni ya Atmos lakini risiva inaonyesha stereo tu.*

Dada, kama kifaa chako kinapitia kwenye TV, ingia setingi za sauti za TV uondoe PCM (TV inafungua sauti yenyewe kabla ya kuituma) uweke kupitisha sauti kama ilivyo. ARC ya kawaida (njia ya waya wa HDMI inayorudisha sauti kutoka TV hadi risiva) inapitisha Atmos iliyobanwa ya huduma za intaneti; ile kamili ya diski za Blu-ray inahitaji eARC, toleo lake lililoboreshwa, pande zote mbili. Au chomeka kifaa moja kwa moja kwenye risiva, uiachie TV picha tu.

*Spika za omu 4 zitaua risiva yangu?*

Omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, na zikiwa chache, spika zinavuta umeme mwingi zaidi. Soma nyuma ya risiva. Kama imeandikwa omu 6 hadi 16, tafuta amplifaya ya nje kwa spika hizo.