Turbo kubwa kwenye Glanza: anza na njia ya oili

Turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani yake) ya asili ya Toyota Starlet Glanza V ni CT9, ndogo kwa injini yake ya lita 1.3. Wengi huitoa na kufunga TD04, turbo kubwa zaidi, iliyotumika. Kabla hujailipia, shika shafti, ule mhimili wa katikati ya turbo: kuchezacheza kidogo kwa pembeni ni kawaida kwa sababu ndani hamna oili, lakini ikisogea mbele na nyuma ukaihisi mkononi, iache.

Chumvi ya bahari hula nati za manifoldi, bomba la moshi linaloshika turbo. Zipulizie dawa ya kutu usiku, ufungue kesho yake. Ukizilazimisha, stadi (bolti zinazoshika nati hizo) hukatika na kazi inakuwa ya welda.

Kinachoua turbo mpya mara nyingi ni oili. Bomba la zamani la kuingizia oili lina masizi ndani, nunua jipya. Silikoni usiitie kabisa kwenye viungo vya oili, kipande kikimeguka kinaziba tundu. Bomba la kurudishia literemke moja kwa moja hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), lisipinde juu, la sivyo oili itapita kwenye sili na utaona moshi wa buluu.

Mimina oili safi kwenye tundu la kuingilia, zungusha shafti kwa vidole. Chomoa plagi na fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata sekunde 10, pumzika, rudia mpaka taa ya oili izime. Ndipo uwashe, bila kuvuta resi.

Presha ya turbo anzia ba 0.5. Ukisikia injini inagonga ukipanda mlima, ondoa mguu: huenda petroli haitoshi.