Kufunga geji ya joto la eksozi kwenye dizeli yenye turbo
Wenye Toyota Prado na Surf zenye injini ya dizeli ya 1KZ, kama unapandisha mlima Kitonga kule Iringa na mzigo funga hii kitu jamani, mshale wa joto la maji unachelewa sana kukwambia injini imechemka, saa ingine mshale ukija kupanda silinda hedi ishapasuka.

Nunua geji yenye senso ya aina ya K (ile ya kupima joto kali), isome mpaka digrii 900 za Selsiasi au zaidi. Senso weka kwenye manifoldi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) kabla ya turbo, hapo ndo joto la kweli lilipo, ukiweka baada ya turbo inasoma chini na tofauti yenyewe inabadilikabadilika.

Kutoboa ndo kwenye kazi. Mi nashauri manifoldi ishushwe kabisa, fundi atakwambia tutoboe hivihivi bila kuishusha, kataa, chenga moja ya chuma ikiingia inakula mapanga ya turbo. Paka grisi kwenye drili na tapu (ya kukata nyuzi za kufungia senso), toboa taratibu, ncha ya senso ifike katikati ya njia ya moshi. Umeme wa geji chukua wa swichi ya gari, upite kwenye fyuzi.

Mlimani geji ikikaribia 700 punguza mafuta, shusha gia. Ukipaki usizime papo hapo, iache iungurume mpaka ishuke kwenye 250 hivi.