Somo: Namna ya Kumfikia Mwakilishi Wako Serikali ya Marekani Inapofungwa

Serikali kuu ya Marekani ilipofungwa kwa siku 43, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 12 Novemba 2025, yaani shughuli zake nyingi ziliposimama kwa kuwa Bunge halikuwa limepitisha fedha za kuziendesha, swali moja liliulizwa hapa kwenye kundi letu karibu kila jioni: nimpigie nani? Nimelijibu kwa vipande mara nyingi, na sasa naliandika kwa ukamilifu. Naomba kila mwenye swali asome kwanza mpaka mwisho.

Kuna jambo linalowanyamazisha wengi wetu bila sababu. Si lazima uwe raia, wala uwe umempigia mtu kura, ndipo usikilizwe. Mwakilishi, yaani mbunge wa Baraza la Wawakilishi, huhudumia wakazi wa wilaya yake ya uchaguzi, na haki ya kupeleka malalamiko serikalini imo katika Marekebisho ya Kwanza ya Katiba. Mkimbizi aliyetoka Uvira na kuhamia Louisville anaye mwakilishi sawasawa na jirani yake aliyezaliwa pale.

Hatua ya 1. Andika msimbo wa posta wa nyumbani kwako, yaani zipu kodi, katika house.gov upate mwakilishi wako. Maseneta wawili wa jimbo lako wamo senate.gov.

Hatua ya 2. Amua kama unatoa maoni au unaomba msaada wa kesi, yaani shida yako binafsi iliyokwama katika idara ya serikali kuu. Maoni, kwa mfano kumtaka apige kura serikali ifunguliwe, hupelekwa ofisi ya Washington kwa namba 202-224-3121, ambako opereta atakuunganisha. Taja jina, mji, msimbo wa posta na jambo moja tu. Kesi yako binafsi hupelekwa ofisi ya wilayani.

Hatua ya 3. Hakikisha kwamba shida ni ya serikali kuu. Shule, takataka na barabara ya mtaani ni mambo ya mji au kaunti. Msaada wa chakula wa SNAP una pande mbili: fedha hutoka serikali kuu, ilhali maombi na kadi hushughulikiwa na jimbo. Fedha za Novemba 2025 zilipokwama, wa kulalamikiwa alikuwa Bunge. Kadi ikipotea, nenda ofisi ya jimbo.

Hatua ya 4. Jaza fomu ya ruhusa ya faragha, na hapa tafadhali tulia. Kwa Sheria ya Faragha ya mwaka 1974, idara ya serikali haiwezi kumweleza mwakilishi habari zako mpaka wewe mwenyewe uruhusu kwa maandishi, kwa hiyo simu nzuri isiyofuatwa na fomu hii haifiki popote. Sahihi ni ya mwenye kesi; mume hasaini kwa mke, wala mtoto mtu mzima kwa mzazi. Majina yafuate hati, kwa mpangilio ule ule, hata kama nyumbani unaitwa vingine. Wengi waliosajiliwa kambini waliandikiwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Kama ndivyo hati inavyosema, andika hivyo, kwa sababu tarehe mbili tofauti hufanya kesi ionekane kuwa ya watu wawili. Kama kesi ni ya uhamiaji, weka namba ya risiti ya ombi lako, yenye herufi tatu na tarakimu kumi. Usipeleke kesi moja kwa mwakilishi na maseneta wote wawili kwa pamoja. Chagua ofisi moja. Usitume hati halisi kwa posta, maana barua za Bunge huchunguzwa kwanza tangu mashambulizi ya kimeta ya mwaka 2001, nazo huchelewa. Msaada huu ni bure, na anayekudai fedha ili akupelekee fomu anakuibia.

Hatua ya 5. Andika tarehe na jina la aliyekupokea, kisha subiri. Baadhi ya ofisi hupunguza wafanyakazi serikali inapofungwa, kwa hiyo acha ujumbe wa sauti na pia ujaze fomu ya tovuti.

Maswali ya wanachama

Columbus: Kadi yangu ya SNAP imepotea. Nimpigie mbunge?

Jibu: Hatua ya 3 imelieleza hilo.

Dallas: Nilisaini fomu kwa niaba ya mume wangu, wakaikataa. Mbona unatuambia wanasaidia?

Jibu: Dada, nimeandika waziwazi kwamba sahihi ni ya mwenye kesi. Asaini yeye; na kama fomu ina nafasi ya mtu anayeruhusiwa kupewa habari, akuandike wewe.

Washington, D.C.: Nimetafuta seneta wangu, simpati.

Jibu: D.C. haina seneta. Ina mjumbe katika Baraza la Wawakilishi asiyepiga kura ya mwisho ya kupitisha sheria, lakini ofisi yake hushughulikia kesi za wakazi.

Louisville: Shikamoo mwalimu. Mama yangu ni mkimbizi, hajui Kiingereza. Serikali imefunguliwa lakini SNAP yake imekatwa. Je, ni mabaki ya kufungwa kule?

Jibu: Marahaba, na umeuliza vyema. Huenda si mabaki hayo. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa katika SNAP wakimbizi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu. Soma barua ya jimbo uone sababu waliyoiandika. Mama akipata grini kadi, yaani kadi ya ukaazi huo, anaweza kuomba tena, na mkimbizi huruhusiwa kuiomba baada ya kukaa nchini mwaka mmoja. Hivyo mna simu mbili: ikiwa ombi la grini kadi limepita muda wa kawaida, hiyo ni kesi ya ofisi ya wilayani; kuhusu sheria yenyewe, pigeni Washington mtoe maoni. Mwache mama aseme kwa Kiswahili, nawe utafsiri sentensi kwa sentensi, kwa kuwa maisha anayoyaeleza ni yake.

Des Moines: Niongeze kwamba wakati wa kusubiri, namba 211 huelekeza watu kwenye maghala ya chakula ya karibu. Ombeni mkalimani kwa kusema "Swahili" mara tu simu inapopokelewa.

Jibu: Asante sana, ndugu. Mama wa Louisville aanze na hiyo leo.